Kwa Nini Jiwe Lilimwangukia Bi Katsuyo

Katika kiwanda cha achari cha Bwana Hirakuri, huko Akita, kaskazini mwa Japani, kazi haikuanza mpaka watu wapige kelele.

Kila siku asubuhi, wanawake saba na wanaume wawili walijipanga uani. Walinyoosha mikono. Walizungusha viuno kufuata muziki wa redio. Kisha Bwana Hirakuri aliinua ngumi juu.

"Usalama!" alipiga ukelele.

"Kwanza!" waliitikia.

Mara tatu hivyo. Ile ya tatu ilikuwa kubwa mno, hata kunguru wa kwenye paa la jirani waliruka wakaenda zao.

Bi Katsuyo ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na miaka arobaini kati ya hiyo aliimaliza hapohapo kiwandani. Mwili wake ulikuwa mdogo, mdomo wake mkubwa, na hakuna aliyepanga figili kwenye pipa vizuri kama yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Figili ndefu nyeupe zilikaushwa kwa moshi. Zikapangwa ndani ya mapipa pamoja na chumvi na pumba za mchele. Kisha zikakandamizwa kwa mawe mazito. Jiwe likikaa juu, maji ya figili yanatoka, na achari inakolea. Mawe hayo yalikuwa ya mtoni, ukubwa wa boga, kilo kumi na mbili kila moja. Yaliachwa na babu yake Bwana Hirakuri. Bosi aliyapenda mawe yale kuliko alivyompenda shemeji yake, na wala hakuficha.

Mlango wa kiwanda nao ulikuwa na sheria zake. Mabuti meusi ni ya nje. Mabuti meupe ni ya ndani. Ole wake atakayekanyaga ndani na mabuti meusi! Achari ni chakula, na chakula hakichangamani na matope ya uani. Hata toroli halikuruhusiwa kupita. Magurudumu yake yalikuwa na matope, na magurudumu hayavuliwi. Kwa hiyo toroli liliishia matopeni, hatua tatu kutoka kizingitini, mahali ambapo mabuti meupe hayafiki.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa kumi, Bi Katsuyo aliyaosha mawe uani. Akayapakia kwenye toroli, akalisukuma mpaka karibu na mlango. Akachukua jiwe la kwanza, likiwa safi na limelowa, akalikumbatia kifuani. Akaenda kizingitini, akasimama kwa mguu mmoja. Kwa kidole cha mguu huu akaanza kuvua buti la mguu ule.

Msicheke. Wote walifanya hivyo. Kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Sumire, mama kijana wa watoto wawili, aliegemea nguzo. Hatsumi, fundi wa chumvi, alilipumzisha jiwe juu ya kitambi chake. Bi Katsuyo alikuwa anauma ulimi.

Siku hiyo ulimi haukusaidia. Buti jeusi lilitoka. Buti jeupe likakataa kuingia. Jiwe likateleza. Puu! Likatua juu ya kidole gumba cha mguu wa kulia.

"Samahani!" alisema Bi Katsuyo, kabla hata hajalia.

"La, samahani ni yangu," alisema Sumire. "Nimekuharakisha."

"Ni mimi," alisema Hatsumi. "Nimekusemesha ukiwa na jiwe."

Bwana Hirakuri akaja mbio kutoka ofisini. "Jamani, kosa ni langu! Leo asubuhi sikupiga kelele vya kutosha."

Wakainamiana. Huyu akiinama, yule anainama zaidi. Bi Katsuyo naye aliinama akiwa amekaa chini, huku kidole kinavimba. Ilipita robo saa nzima ya heshima kabla mtu hajakumbuka kuita gari.

Kidole kilikuwa kimevunjika.

*

Siku ya tatu, Bwana Hirakuri alikuja kumjulia hali. Alileta tikiti tamu ndani ya sanduku lenye utepe. Akapiga magoti mkekani. Akasafisha koo mara mbili. Bi Katsuyo alimjua tangu akiwa mtoto wa shule. Alijua kwamba koo la mara mbili si la habari njema.

"Mama Katsuyo," alisema, "hii ni mara ya tatu jiwe linakuangukia."

"Ni kweli, Bosi. Samahani."

"Umefanya kazi vya kutosha. Mwili umechoka. Mwisho wa mwezi tutakuaga kwa heshima zote. Maua nimeshaagiza."

Bi Katsuyo alihisi kama jiwe la pili limemwangukia, hili la kifuani.

"Nimefukuzwa?" aliuliza.

"Ala! Nani kasema kufukuzwa? Kupumzika!"

Mume wake, Denzo, alikuwa pembeni akitazama mieleka ya sumo kwenye televisheni. Masikio yake yalisimama.

"Vizuri sana!" alisema Denzo. "Mke wangu, sasa tutakaa wote hapa kutwa nzima. Nitakueleza mieleka, pambano moja baada ya jingine."

Bi Katsuyo alimtazama. Alimpenda mumewe, tena sana. Alimpenda asubuhi kabla ya kazi, na alimpenda jioni baada ya kazi. Lakini kutwa nzima? Lo! Mmoja wao angezikwa kabla theluji haijayeyuka.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Pale kwenye mapipa alikuwa Bi Katsuyo, mtu anayeulizwa. Hapa nyumbani alikuwa bibi kizee mwenye bandeji.

Usiku ule hakugusa hata kipande kimoja cha tikiti.

*

Kesho yake jirani alipita na bakuli la maboga ya kuchemsha. Huyu aliitwa Wakae. Miaka thelathini alifanya kazi katika kiwanda cha springi, mji wa chini ya bonde, na miaka kumi ya mwisho kazi yake ilikuwa kuchunguza ajali. Alikuwa na mwandiko mzuri na tabia moja mbaya: alipenda kuuliza.

"Shoga, umekuja wakati mzuri," alisema Bi Katsuyo. "Niandikie barua, mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu."

Kiwandani kwao, kila aliyeumia aliandika barua ya kuomba radhi. Aliisoma mbele ya wenzake asubuhi, kisha ikabandikwa ukutani karibu na saa. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Wakae alishika kalamu. "Haya, sema."

"Andika hivi: Mimi Katsuyo nimeangusha jiwe kwa uzembe wangu. Naomba radhi. Nitakuwa mwangalifu zaidi."

Wakae hakuandika.

"Barua yako ya mwisho ilisemaje?"

"Hivyohivyo. Nabadilisha tarehe tu."

"Na kweli ulikuwa mwangalifu zaidi?"

"Weee! Nilikuwa mwangalifu mpaka shingo ikaniuma."

"Na jiwe likaanguka."

"Likaanguka."

"Basi dawa hiyo haitibu ugonjwa huu," alisema Wakae. "Niambie. Kwa nini lilianguka?"

"Kosa langu."

"Hiyo ni adabu, dada. Mimi nimeuliza sababu."

Bi Katsuyo alishusha pumzi. "Kwa sababu mimi ni mzee. Umeridhika?"

"Hatsumi ana miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Limeshamwangukia?"

"Mara mbili."

"Na Sumire?"

"Ana thelathini na nne. Mara moja. Hata Gonpei, dereva wetu, aliyekuwa akicheza mieleka shuleni, lile pande la mtu! Lilimwangukia naye. Alilia hadharani."

"Kumbe!" Wakae aliegemea mbele. "Mzee limemwangukia. Kijana limemwangukia. Mwanamieleka limemwangukia. Sasa hapo tuwatazame watu, au tutazame mahali?"

Bi Katsuyo alitazama bandeji yake.

"Wote iliwatokea wapi?" aliuliza Wakae.

"Mlangoni," alisema Bi Katsuyo taratibu. "Wote mlangoni."

"Mlangoni mnafanya nini?"

"Tunabadilisha mabuti."

"Mkiwa na jiwe mkononi?"

"Ndiyo."

"Kwa mguu mmoja?"

"Sasa wewe mabuti unabadilisha kwa miguu mingapi?"

Denzo aligeuka kutoka kwenye televisheni. "Kwa nini msiliweke jiwe chini kwanza?"

"Mume wangu, chini kuna matope! Likigusa chini linaoshwa upya."

"Na kwa nini toroli lisiingie ndani?" aliuliza Wakae.

"Magurudumu ni machafu."

"Na kwa nini jiwe liko nje tangu mwanzo?"

"Tunaliosha nje."

"Kwa nini mnaoshea nje?"

"Kwa sababu... Jamani, shoga, wewe ni mtoto wa miaka minne? Kwa nini, kwa nini, kwa nini!" Bi Katsuyo alishika mto, akamrushia.

Wakae aliudaka mto, akaukalia. "Kwa nini mnaoshea nje?"

"Kwa sababu ndani hakuna karo la kuoshea tena! Bosi alilivunja. Alinunua mashine ya kufungia achari kwenye mifuko, ikakosa nafasi. Akaiweka pale."

"Lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Barua zilizoko ukutani ni ngapi?"

"Kumi na moja, yangu hii itakuwa ya kumi na mbili."

"Na ile ya kwanza ni ya mwaka gani?"

Bi Katsuyo alianza kuhesabu kwa vidole. Akaishia katikati. Macho yakamtoka.

"Tulipokuwa na karo ndani," alisema, "hakukuwa na barua hata moja."

Hata Denzo alipunguza sauti ya televisheni. Hilo halikuwa limetokea tangu waoane.

Wakae alikata tikiti vipande vitatu, akamwekea kila mtu chake. Akaeleza polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza wafanyakazi wa springi.

"Ajali ikitokea, watu huuliza, nani? Wakishampata huyo nani, wanafunga mjadala. Wewe uliza, kwa nini? Ukipata jibu, uliza tena juu ya jibu hilo. Endelea mpaka ufike kwenye kitu mnachoweza kukibadilisha. Paa likivuja unafuta sakafu, sawa. Lakini je, unaiambia sakafu iwe mwangalifu?"

"Bosi alimleta hata kasisi wa hekalu," alisema Bi Katsuyo. "Aliyapungia mawe karatasi nyeupe ili bahati mbaya itoke. Alipokuwa anatoka alijikwaa kizingitini, nusura aanguke. Tulimwomba radhi sana."

"Mlimwuliza kwa nini kajikwaa?"

"Nani amuulize kasisi?"

"Na mabuti yenye chuma mbele, mnayo?"

"Hatuna."

"Yaombeni. Lakini hayo yanakinga kidole jiwe likishaanguka. Kwanza tuzuie lisianguke." Wakae alifuta vidole. "Sasa swali la mwisho. Ninyi nyote mlijua kwamba mlango ule ni taabu. Kwa nini miaka mitatu hakuna aliyemwambia Bosi?"

Bi Katsuyo alisogeza kipande chake cha tikiti pembeni.

"Utasemaje?" alisema. "Leo umesimama mbele ya watu ukasema kosa ni langu. Kesho uanze kulalamika juu ya mlango? Utaonekana mtu wa visingizio. Ukishaomba radhi, mdomo umefungwa."

Wakae aliweka kalamu chini. "Hapo, dada. Mzizi wenyewe ndio huo."

Wakaandika barua. Iliwachukua alasiri nzima. Bi Katsuyo alipoisomewa, alishika shavu.

"Toba! Nitamwaibisha Bosi."

"Umesikia jina la mtu yeyote humo ndani?"

Bi Katsuyo aliomba isomwe tena. Hakukuwa na jina hata moja. Kulikuwa na mlango, mabuti, toroli na karo tu.

*

Siku ya mwisho wa mwezi, Bi Katsuyo alifika uani na mkongojo. Maua yalikuwa yameegemezwa kwenye baiskeli ya Bosi, yamefungwa vizuri. Alijua akisoma barua ya kawaida, atapigiwa makofi, atapewa maua, na saa tano atakuwa nyumbani anaelezwa mieleka.

Walizungusha viuno. Walipiga kelele. Kunguru waliruka.

"Sasa," alisema Bwana Hirakuri kwa sauti ya huzuni, "Mama Katsuyo atatusomea barua yake ya mwisho."

Bi Katsuyo alifungua karatasi.

"Kwa nini jiwe liliniangukia?" alisoma. "Kwa sababu nilisimama kwa mguu mmoja nikiwa nimelibeba. Kwa nini kwa mguu mmoja? Kwa sababu nilikuwa nabadilisha mabuti. Kwa nini sikuliweka jiwe kwanza? Kwa sababu hakuna pa kuliweka. Kwa nini jiwe lilikuwa nje? Kwa sababu tunaoshea nje. Kwa nini tunaoshea nje? Kwa sababu karo la ndani liliondolewa miaka mitatu iliyopita. Kwa nini hatukusema? Kwa sababu tulikuwa tunaomba radhi."

Hatsumi alitazama viatu vyake. Gonpei alitazama mbingu. Bwana Hirakuri alisubiri.

"Endelea," alisema.

"Imeisha, Bosi."

"Imeisha? Mbona haina samahani?"

"Haina."

Uso wa Bosi ulianza kuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu. "Yaani kubadilisha buti ndiyo kazi ngumu? Mimi nimezaliwa kwenye mlango huu! Hebu nipisheni."

Alivaa mabuti meusi. Alikwenda kwenye toroli, akachagua jiwe, akalikumbatia. Gonpei akasogea amsaidie.

"Asiniguse mtu!"

Bwana Hirakuri alisimama kwa mguu mmoja. Alivua buti la kulia, akafanikiwa. Akawatazama watu kwa majivuno. Kisha akapeleka mguu kwenye buti jeupe. Buti likaanguka ubavu. Akalitafuta kwa vidole, huku soksi yake ikipapasa hewani. Ilikuwa soksi yenye tundu, na Sumire alilazimika kujiuma mdomo.

Jiwe likaanza kushuka. Akalipandisha kwa goti. Likashuka tena. Nyuma yake matope. Mbele yake sakafu, na yeye mwenyewe alikuwa amekataza jiwe kugusa sakafu. Jasho likamtoka. Alisimama vile kama korongo, mguu mmoja juu, na wafanyakazi tisa wanamtazama.

"Sasa nifanyeje?" alipiga ukelele. "Niambieni basi niliweke wapi!"

"Bosi," alisema Bi Katsuyo, "hilo ndilo swali letu la miaka mitatu."

Gonpei aliruka akalipokea jiwe kabla halijachagua kidole. Bwana Hirakuri akakanyaga katikati ya matope kwa mguu wa soksi. Akavuta pumzi. Akaanza kuinama.

"Samaha..."

"Tafadhali, Bosi, usiombe radhi!" Bi Katsuyo hakujua sauti ile ilitoka wapi. "Ukiomba radhi, tutaomba na sisi, na mambo yataishia hapo. Sitaki yaishie hapo. Nataka kufanya kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Bwana Hirakuri alikaa kwenye kizingiti. Alivua soksi ya matope, akaikunja kwa makini bila sababu yoyote.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza kwa upole.

Hatsumi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, ndiye aliyejibu. "Tulikuambia mara kumi na moja kwamba kosa ni letu, Bosi. Ukaamini."

*

Siku ileile Gonpei na mwenzake walitengeneza meza nene ya mbao. Waliiweka mlangoni, nusu nje, nusu ndani, upande mmoja, ili watu wapite upande wa pili. Wa nje, mwenye mabuti meusi, analeta jiwe safi na kulitua mezani. Wa ndani, mwenye mabuti meupe, analichukua na kulipakia kwenye toroli jingine, la ndani, ambalo halijawahi kuliona tope. Hakuna anayebadilisha buti akiwa na jiwe.

Msidhani ilifaulu mara moja. Meza ya kwanza ilikuwa ya juu mno, na Hatsumi alilazimika kuliinua jiwe mpaka kidevuni. Wakauliza kwa nini. Kwa sababu Gonpei aliipima kwa kimo chake mwenyewe. Wakakata miguu, ya meza, si ya Gonpei.

Mabuti yenye chuma yalikuja wiki ya pili. Mwezi uliofuata mashine ya mifuko ilihamishiwa kwenye stoo, na karo likarudi mahali pake. Mawe hayakutoka nje tena.

Barua kumi na moja zilibanduliwa ukutani. Ya kumi na mbili ndiyo iliyobaki. Chini yake paliningʼinizwa daftari na penseli. Juu ya daftari Wakae aliandika kwa mwandiko wake mzuri: NUSURA. Mtu akinusurika kuteleza, kujikata au kuangukiwa, anaandika mahali ilipotokea na jinsi ilivyokuwa. Haandiki jina la aliyekosea.

Wiki ya kwanza ziliandikwa nusura ishirini na tatu. Bwana Hirakuri alikwenda kwa Wakae uso umempauka.

"Mama, kiwanda changu kinabomoka!"

"Kilikuwa kinabomoka tangu zamani," alisema Wakae. "Sasa ndiyo unakisikia."

Majira yote ya achari yalipita, na hakuna jiwe lililoangukia kidole cha mtu. Figili zilikolea. Hakuna aliyetaja tena kumuaga Bi Katsuyo; alitupa mkongojo, akarudi kwenye mapipa yake. Na asubuhi bado walipiga kelele, maana kelele nazo ni mazoezi.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya, theluji ikiwa imefika madirishani, Bwana Hirakuri alikuja mpaka kwenye pipa la Bi Katsuyo. Alikuwa na picha ya mashine ya kukata figili. Alisafisha koo mara mbili. Bi Katsuyo alishika ukingo wa pipa.

"Mama Katsuyo," alisema, "nataka kununua mashine hii. Unaonaje, tuiweke wapi?"

Bi Katsuyo aliitazama picha. Kisha akamtazama yeye, ahakikishe hatanii. Miaka arobaini ndani ya jengo lile, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kinawekwa wapi.

"Nipe siku mbili, Bosi," alisema. "Nizungumze na wenzangu."

Jioni alimsimulia mumewe, tangu mwanzo mpaka mwisho, akiwa bado na koti mwilini. Denzo aliizima televisheni.

"Akuulize wewe?" alisema. "Mashine ni yake, jengo ni lake. Kwa nini akuulize wewe?"

"Kwa sababu," alisema Bi Katsuyo, "mimi ndiye ninayefanya kazi pale."